Mzazi na Ukaguzi wa Shule, Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya sikuyatunga. Nimeyasikia kwenye mikutano ya wazazi, ghalani tukisubiri mizani msimu wa korosho, na mengine nimeulizwa njiani na kina mama wenye ndoo kichwani. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku juu kwenye uwanda wa Makonde. Naandika kwa sababu inaniuma kuona wageni wanakuja kuipima shule yetu, wanaondoka, na sisi wenye watoto tunabaki kuulizana pembeni walisema nini.

## Mambo ya msingi

Wathibiti ubora wa shule ndio wale wakaguzi wa zamani?

Kwa kazi ndio hao hao, ila jina na utaratibu vimebadilika. Wengi wetu tumesoma enzi za "mkaguzi": gari linaingia, mwalimu anabadilika uso, watoto tunaambiwa tukae kimya. Mwaka 2017 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitoa mwongozo mpya, na kazi ikaitwa uthibiti ubora wa shule. Mkaguzi wa zamani alimtazama zaidi mwalimu na makaratasi yake: azimio la kazi, andalio la somo, rejista. Mthibiti ubora anatakiwa aitazame shule nzima, aishauri, kisha arudi kuona kama ushauri umefuatwa.

Kijijini bado tunasema "wakaguzi". Hapa nitatumia majina yote mawili.

Wanapima nini hasa?

Maeneo sita: matokeo ya wanafunzi katika kujifunza, ufundishaji darasani, mtaala na utekelezaji wake, uongozi wa shule, mazingira ya shule na usalama wa watoto, na ushirikishwaji wa jamii.

Hilo la sita ndilo sisi. Shule isiyoita wazazi, au inayoita wazazi wasije, imepungukiwa kwenye kipimo chenyewe hata kama madarasa yamepakwa rangi jana. Kwa hiyo mzazi anayeuliza habari za ukaguzi hajaingilia kazi ya watu. Yumo ndani ya kazi hiyo tangu ilipopangwa.

Wako chini ya halmashauri yetu?

Hapana, na hili ni vizuri kulielewa kabla hujapeleka neno mahali pasipohusika. Shule za serikali, za msingi na sekondari, zinaendeshwa na halmashauri chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Walimu, madarasa, madawati na ruzuku viko huko. Wathibiti ubora wako chini ya Wizara ya Elimu. Wana ofisi za wilaya, na juu yake ofisi ya kanda. Kanda ya Kusini, ambayo ofisi yake iko Mtwara, ndiyo inayoshughulika na mikoa yetu miwili.

Faida yake ni kwamba anayepima si yule anayeendesha. Hasara yake nimeiona kwa macho: mthibiti anaandika kwamba choo hakifai, lakini fungu la kujenga choo haliko mkononi mwake. Liko kwa mkurugenzi. Wenye kuunganisha ofisi hizo mbili, kwa kuuliza huku na kukumbusha kule, mara nyingi inabidi wawe wazazi.

Afisa Elimu Kata akija na pikipiki yake, huo ni ukaguzi?

Ni ufuatiliaji wa karibu, na ni muhimu, lakini si tathmini ya jumla ya shule. Afisa Elimu Kata (wengi bado wanamwita mratibu) ni mtu wa halmashauri. Uzuri wake ni kwamba yuko jirani na unaweza kumpata wiki hii hii. Jambo dogo anza kwa mwalimu mkuu, kisha kwake.

Sheria inampa mzazi nafasi gani?

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, Sura ya 353, inataka kila shule ya msingi iwe na kamati ya shule na kila sekondari iwe na bodi. Kwenye kamati ya shule ya msingi mwalimu mkuu ni katibu, si mwenyekiti. Narudia hili kwa sababu nimefika shule ambako mwalimu mkuu anaongoza kikao, anaandika muhtasari, anausoma na kuuthibitisha mwenyewe, na wajumbe wanatia sahihi wakiwa wamesimama.

Kuna pia umoja wa wazazi na walimu, UWW, ambamo kila darasa lina wazazi wawakilishi. Lindi ulipata nguvu wakati wa mradi wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014, na Mtwara wakati wa Tusome Pamoja. Miradi imekwisha. Kwingine UWW umekufa nayo, kwingine umebaki. Kama kwenu umelala, mkutano wa wazazi unatosha kuuamsha, hauhitaji mfadhili.

## Kabla hawajafika

Nitajuaje kwamba wanakuja?

Kwa tathmini ya jumla, shule kwa kawaida huarifiwa. Mwombe mwenyekiti wa kamati atangaze kwenye kikao, msikitini, kanisani, kwenye kundi la simu la darasa, popote watu wanaposikia. Ziko ziara nyingine mbili: ya ufuatiliaji, ambayo ni ya kurudi kuona mapendekezo yametekelezwa, na ziara maalumu, inayofanyika pakitokea jambo. Hiyo ya mwisho usitegemee kutangaziwa.

Mimi sikusoma. Nitamwambia nini mtu wa ofisini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na kina mama ndio wanaoliuliza zaidi, kwa sauti ya chini. Jibu langu ni hili: mthibiti anaiona shule kwa siku chache. Wewe unaiona kila siku jioni, mtoto anaporudi. Unajua anafika nyumbani saa ngapi, ana njaa kiasi gani, anasoma au anabahatisha, analia kwa nini Jumatatu asubuhi. Hakuna ofisa anayeweza kuyajua hayo pasipo wewe.

Nitakupa mfano wangu. Mwaka mmoja nilichukua daftari la hisabati la binti yangu, alikuwa darasa la tano. Nililifungua mezani kwenye taa. Mazoezi ya karibu miezi miwili yalikuwa hayana alama ya kalamu nyekundu hata moja. Si vema, si kosa, hakuna. Kwenye ukurasa mmoja mtoto alikuwa amejiandikia mwenyewe vema kwa kalamu ya buluu. Sikwenda kupiga kelele shuleni. Nilinakili tarehe za mazoezi yale kwenye karatasi nikaitunza. Wathibiti walipokuja na kuuliza wazazi tunaonaje ufundishaji, wenzangu walisema "tunashukuru, walimu wanajitahidi". Mimi nikatoa karatasi. Mama mmoja nyuma yangu, ambaye hajui kusoma, akasema: "Hata la wa kwangu halina wekundu." Mazungumzo ya siku ile yakabadilika pale pale. Baadaye ilibainika mwalimu mmoja alikuwa amebeba hisabati za madarasa matatu peke yake. Tatizo lilikuwa upungufu wa walimu, na ndivyo lilivyoandikwa, bila kumchafua yule mwalimu.

Kwa hiyo huhitaji cheti. Unahitaji kuangalia, kukumbuka tarehe, na kusema ulichokiona bila kuongeza chumvi.

Niangalie vitu gani?

Daftari kwanza, kama nilivyoeleza kwenye swali lililotangulia. Mwambie mtoto akusomee aya moja kwa sauti. Kama yuko darasa la tatu na bado anakariri picha badala ya kusoma maneno, hiyo ni taarifa nzito.

Kisha viko viwango ambavyo serikali yenyewe imeviweka, na mtu yeyote anaweza kuhesabu. Darasa moja la msingi lisizidi wanafunzi 45. Tundu moja la choo ni kwa wasichana 20, au kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 240 inahitaji matundu 12. Nenda ukahesabu yaliyopo, na uhesabu yale yanayotumika, siyo yaliyofungwa kwa sababu yamejaa.

Nimeona choo cha wasichana ambacho mlango wake ni kipande cha kanga kilichofungwa kwa kamba ya katani. Msichana mmoja anaingia, mwenzake anasimama nje ameshika pindo. Msichana wa darasa la saba akiwa kwenye siku zake hatakwenda shule yenye choo hicho, na kwenye rejista ataandikwa mtoro.

Huku juu ongeza maji. Watoto wetu wengi wanabeba dumu la lita tatu au tano kwenda shule asubuhi. Uliza yale maji yanakwenda wapi: jikoni kwa uji, chooni, au nyumba ya mwalimu? Sisemi kumsaidia mwalimu ni dhambi, mahali pasipo na bomba tunasaidiana. Lakini mtoto akibeba maji halafu akakosa ya kunawa, liseme.

Na fedha je? Hilo si la wakubwa?

La. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku inaingizwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati yake 6,000 ndizo za shule, na 4,000 ni za vitabu zinazobaki serikali kuu. Shule ya watoto 500 ina maana ya shilingi 3,000,000 kwa mwaka, kama 250,000 kwa mwezi zikija zote. Sekondari ni 25,000 kwa mwanafunzi.

Mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kama hayapo, mwambie mthibiti kwamba hayapo. Pengine fedha zimetumika vizuri kabisa, kwa sababu 250,000 haifiki mbali, lakini kutobandika kunazaa maneno, na maneno yanawavunja moyo hata walimu wasio na kosa.

## Wakiwa shuleni

Wanafanya nini siku hizo?

Wanaingia madarasani kuona somo likifundishwa, wanapitia madaftari na kumbukumbu, wanatembea kwenye mazingira, wanazungumza na mwalimu mkuu, walimu, wanafunzi, na kamati au bodi pamoja na wazazi. Mwishoni wanatoa mrejesho kwa uongozi wa shule.

Zingatia huo mrejesho. Mwenyekiti wa kamati anatakiwa awepo, na aingie na daftari lake na kalamu. Ameshika kumbukumbu yake mwenyewe, hatasubiri kuambiwa na mtu mwingine nini kilisemwa.

Wanaitwa wazazi wale wale kila mara. Tufanyeje?

Malalamiko haya ni ya kweli. Mwalimu mkuu akiambiwa alete wazazi kumi, ataita walio karibu na shule, wenye maneno matamu, na mara nyingi wanaume. Sidhani kila mara ni hila. Mara nyingine ni haraka tu. Dawa yake ni kukubaliana mapema, kwenye mkutano wa wazazi, nani watasema kwa niaba ya wengine. Wachaguliwe kutoka kila kitongoji, hasa kile cha mbali ambako watoto wanatembea saa nzima. Awepo angalau bibi mmoja anayelea wajukuu, na mzazi wa mtoto mwenye ulemavu. Majina yaingie kwenye muhtasari. Mkaguzi akija, mwenyekiti anatoa karatasi: hawa ndio wazazi waliotumwa na wazazi.

Na kama hukuwemo kwenye orodha, unaweza kwenda ofisi yao ya wilaya siku nyingine na kueleza. Hakuna anayekuzuia.

Nikisema ukweli, mwanangu si atachukiwa?

Hofu hii siidharau. Mwalimu mmoja akinuna, mtoto ndiye anayeketi mbele yake siku 194 za mwaka wa shule. Yapo mambo manne ninayoyafuata mimi.

Semeni mkiwa kundi. Neno la wazazi kumi na wawili halina mwenyewe. Pili, omba mazungumzo yafanyike bila mwalimu kuwepo. Mthibiti anayeijua kazi yake atakubali, na wengi hupanga hivyo wenyewe. Tatu, usimtaje mtoto wako. Taja jambo, tarehe na darasa. Nne, na hili wengi tunalisahau, anza na lililo jema kama lipo kweli. Mwalimu anayefundisha watoto tisini kwenye chumba kimoja na bado nusu wanasoma, huyo astahili kusifiwa mbele ya wageni, na sifa hiyo iandikwe. Walimu wakizoea kwamba wazazi hufungua mdomo kwa lawama tu, watajifunga.

Mtoto akianza kusumbuliwa kweli baada ya ukaguzi, andika siku na tukio, nenda kwa mwalimu mkuu, kisha Afisa Elimu Kata, kisha halmashauri. Usimhamishe kimyakimya. Ukimhamisha kimya, aliyebaki nyuma atafuata kusumbuliwa.

Mwalimu mkuu anatuambia tuseme mambo mazuri tu, tusiiaibishe shule.

Mwelezeni kwa upole kwamba mnaifichia shule njaa yake. Choo kibovu kisipoandikwa na wathibiti, halmashauri haitakiona kwenye karatasi. Nimemwona mwalimu mkuu mmoja aliyeelewa hili: yeye mwenyewe aliwapeleka wageni kwenye darasa lenye ufa kabla ya kuwapeleka ofisini.

## Wakishaondoka

Ripoti ni siri?

Si siri ya kufungiwa kabatini. Ripoti inakwenda kwa mwalimu mkuu, kamati au bodi, na mamlaka inayoendesha shule. Zaidi ya ripoti kamili, utaratibu mpya una muhtasari mfupi uliokusudiwa wazazi na jamii, wenye lugha nyepesi. Muulize mwalimu mkuu: "Mwalimu, muhtasari wa ripoti ya wathibiti uko wapi, tunaomba usomwe kwenye mkutano." Sentensi hiyo moja, ukiisema baada ya salamu, inatosha kuanzia.

Ukizungushwa, iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inamruhusu raia kuomba taarifa kwa ofisi ya umma kwa maandishi, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Barua iwe fupi: jina la shule, taarifa unayoomba, mwezi waliofika wathibiti, sahihi yako. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, umeandika barua kwa upepo.

Nakumbuka siku yetu ya kwanza kusomewa muhtasari, chini ya mkorosho nyuma ya ofisi. Kurasa hazikuwa nyingi. Bibi mmoja aliinua mkono akauliza kwa Kimakonde, akatafsiriwa: kama wageni wameandika kwamba watoto wa darasa la pili hawajui kusoma, je, mwaka jana walijua? Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu ripoti iliyotangulia hakuna aliyewahi kuiona. Tangu siku hiyo kamati yetu ina faili, na faili liko kwa mwenyekiti.

Imesomwa. Kinachofuata ni nini?

Mapendekezo yaingizwe kwenye mpango wa maendeleo ya shule, kila moja likiwa na mwenye kulitekeleza na mwezi wa kumaliza. Yagawanyeni mafungu matatu: ya shule yenyewe (madaftari yasahihishwe, rejista ijazwe kila siku), ya kijiji na wazazi (chakula, utoro, mlango wa choo), na ya halmashauri (walimu, madarasa). Haya ya mwisho ndiyo yanayopotea. Yapelekwe na diwani kwenye kamati ya maendeleo ya kata, yakiwa na nakala ya ripoti.

Kisha yasomwe tena kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Dakika tano tu: hili tayari, hili bado, kwa nini.

Mapendekezo yale yale yanarudiwa kila ripoti. Kuna faida gani?

Kurudiwa kwenyewe ni ushahidi. Ombi la walimu wa hisabati lililoandikwa mara tatu na wathibiti lina uzito kuliko malalamiko ya midomo ya miaka kumi. Ndiyo maana nasisitiza faili.

Shule yetu inafaulisha vizuri darasa la saba. Kwa nini tujisumbue na ukaguzi?

Kufaulu kwa darasa la saba kunakuambia habari za waliofika darasa la saba. Hakukuambii waliopotelea darasa la nne, wala wa awali wanaokaa sakafuni. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora lilipotoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023. Mtihani ni moja tu ya njia za kuijua shule. Wathibiti wanaangalia na mengine.

## Yanayotugusa sisi wa kusini

Wakaguzi wakija msimu wa korosho au wa jando na unyago, wanakuta watoto wachache. Si tutaonekana wabaya?

Hapa lazima tujitazame wenyewe. Korosho zinaanguka kuanzia Septemba hadi Desemba, wakati ule ule wa mitihani. Mtoto anaamshwa saa kumi na moja akaokote kabla jua halijawa kali, na akichelewa, basi siku imekwisha. Rejista ya Oktoba ikionyesha watoto 38 kati ya 61, mthibiti ataandika, na atakuwa sahihi. Hilo pengo si la mwalimu. Ni letu.

Jando na unyago navyo. Mimi mwenyewe nimetolewa mwali, na siwezi kuusema vibaya ulezi wa bibi zangu. Lakini unyago ulikuwa na nafasi yake kwenye likizo ya Desemba na ya Juni. Ngoma ikivuka hadi shule imefunguliwa, au msichana akirudi darasani akiambiwa sasa amekuwa mtu mzima, shule haina tena la kumfundisha, hapo tumempoteza kwa mikono yetu. Kwenye vijiji ambavyo mambo yamekaa sawa, makungwi na wazee waliitwa kwenye mkutano wa wazazi mapema, kalenda ya shule ikasomwa, wakakubaliana tarehe ya kutoa wali. Mthibiti akiuliza jamii inashiriki vipi, hilo ni jibu lenye nguvu kuliko matofali.

Tunachangia chakula. Je, wanapima na hilo?

Ndiyo, kwa sababu mtoto mwenye njaa hajifunzi na wao wanapima kujifunza. Makubaliano ya chakula yafanywe na wazazi wenyewe mkutanoni: debe la mahindi, mihogo mikavu, au fedha mara korosho zinapolipwa. Hakuna mtoto anayeruhusiwa kufukuzwa darasani kwa sababu ya mchango. Akifukuzwa, hilo lipeleke kwa Afisa Elimu Kata siku hiyo hiyo, lisingoje mkaguzi. Daftari la kupokea chakula likae na mzazi mmoja na mwalimu mmoja, watie sahihi wote wawili.

## Hali zisizo za kawaida

Mwanangu amepigwa vibaya, au kuna mwalimu anamfuata msichana. Nisubiri ukaguzi?

Usisubiri hata siku moja. Kanuni za adhabu ya viboko zinaweka mwisho wa viboko vinne, vichapwe na mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kinachozidi hapo ni kosa. Jambo la mwalimu na msichana ni la polisi na ustawi wa jamii, si la kikao cha kusuluhishana kwa mbuzi. Namba 116 ni ya huduma kwa mtoto, inapigwa bure. Wathibiti waelezwe pia ili waje ziara maalumu, lakini wao si wa kwanza.

Kama ni fedha za shule zimeliwa, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, nayo ni bure.

Shule ni ya binafsi. Mzazi anayelipa ada anaweza kusema?

Anaweza, na wathibiti hao hao ndio wanaoikagua. Tofauti ni kwamba mapendekezo yanakwenda kwa mmiliki.

Na shule shikizi?

Shule shikizi ni tawi la shule mama. Uliza ukaguzi wa shule mama utafika na huko pia. Watoto wa shikizi ndio wadogo, na ndio walio mbali, na husahaulika.

Nchi nyingine wazazi wanashirikishwaje?

Nchini Uingereza ofisi ya ukaguzi, Ofsted, ilianzisha mwaka 2011 dodoso la mtandaoni ambalo mzazi analijaza wakati wowote, si wakati wa ukaguzi tu. Na Septemba 2024 iliacha kuipa shule ya serikali hukumu ya neno moja kwa jumla, baada ya miaka mingi ya malalamiko kwamba neno moja haliwezi kuieleza shule. La pili linanigusa. Mzazi wa Tandahimba naye anataka kuelezwa kipi ni kizuri na kipi kibovu, siyo kuambiwa "shule yenu wastani" basi.

Mimi niko Dar es Salaam, mtoto yuko kwa bibi yake Newala. Nashirikije?

Bibi ndiye mlezi, na mlezi ana nafasi ile ile ya mzazi: anaenda mkutanoni, anachagua kamati, anazungumza na wathibiti. Mwambie hivyo kwa maneno, kwa sababu wengi wanadhani mikutano ni ya vijana wenye watoto. Wewe piga simu Jumapili jioni. Muombe mtoto akusomee ukurasa wa mwisho alioandika kwenye daftari la Kiswahili na lile la hisabati, na uulize kama limesahihishwa. Kisha mpe bibi maswali mawili ya kwenda nayo, yasizidi mawili, na umwambie ayaulize mapema kabla mkutano haujafika kwenye mengineyo.